Fundi Mkuu wa Kosa Moja

Tulimwita Fundi Mkuu, ingawa karakana nzima ilikuwa na mafundi wawili tu, yeye na mimi. Mkuu alikuwa yeye. Mimi nilikuwa binti. Nilipoanza kazi kwake, mtaa wa nyuma ya stendi pale Bariadi, nilikuwa binti kweli. Nikaolewa, nikabaki binti. Nikazaa, nikabaki binti. Siku aliyofunga karakana alinikabidhi feni na meza ya kazi akasema, "Haya binti, mimi napumzika," na mimi nilikuwa nimeshaanza kuota mvi.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati limechomekewa hata siku ya jua kali, mfuko wa kifuani umejaa kalamu. Za bluu, nyekundu, nyeusi. Kazi yake yote ilikuwa ya kubonyeza vitufe, na sikuwahi kumwona yeye mwenyewe akiandika na kalamu zile isipokuwa siku moja nitakayoieleza. Ukimwomba moja ya kusainia anakupa, lakini anasimama mbele yako kakinga mkono mpaka umalize, kama mtu aliyekupakatisha mwanawe. Shingoni alivaa kipima umeme, na nyaya zake zinaning'inia. Watoto wa mtaani walimwita daktari. Hakuwahi kuwasahihisha.

Vumbi alilichukia mno. Mlangoni aliweka pazia juu ya pazia, na mteja asiyejipangusa miguu alirudishwa nje kama mwanafunzi mchelewaji. Halafu yeye mwenyewe anakula andazi juu ya kompyuta ya mtu iliyofunguliwa tumbo wazi, makombo yanadondoka ndani, anapuliza kidogo, anafunga skrubu. Nikimtazama ananiambia, "Hilo si vumbi, binti. Hicho ni chakula."

Jambo moja nimpe haki yake: alijua kusalimia. Akikutana na mzee njiani, "Mwangaluka" yake ilikuwa ni kufungua mlango tu, nyumba yenyewe bado hujaiingia. Atauliza umeamkaje. Atauliza mama yuko vipi. Atauliza watoto, mmoja mmoja, yule wa Mwanza na yule aliyekuwa anaumwa jicho. Atahamia kwa ng'ombe, yule dume anayechechemea, yule mtamba mwenye mimba. Mvua. Kisima. Yule jirani mliyegombania mpaka. Kumuuliza mtu "wote hamjambo?" kisha ukapita, kwake yeye ulikuwa ushenzi. "Watu si kuni," alikuwa akisema, "huwezi kuwafunga mzigo mmoja ukawauliza kwa mkupuo." Tukiitwa kazi ya asubuhi, tunafika mchana. Mkilishika hilo la salamu mtaelewa kwa nini mpaka leo nikimkumbuka nacheka huku nimekasirika.

Kazi iliyompa jina ilikuwa draiva ya mizani. Vyama vya wakulima vilipoletewa mizani za kisasa za kupimia pamba, za kuunganishwa na kompyuta, mizani na kompyuta hazikuelewana. Kila moja na lugha yake. Draiva ndiyo ile programu ndogo inayokaa katikati, ndani kabisa ya mfumo endeshi, inasikiliza kifaa kinasema nini na kuipelekea kompyuta habari. Mkalimani, kwa kifupi. Fundi Mkuu aliiandika mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza, na ilipima. Sina wivu, nasema kweli: ilipima vizuri. Kiroba kikikaa juu ya mizani, uzito umeshatokea kwenye kioo. Shida ilikuwa siku isipopima.

Kila mizani ina akili zake. Ikizidiwa, inatuma habari kwamba imezidiwa. Betri ikichoka, inatuma habari kwamba betri imechoka. Kebo ikichomoka, kompyuta yenyewe inajua kwamba hakuna kifaa. Na mfumo endeshi umetenga namba za makosa zaidi ya mia, kila moja na maana yake, zimekaa zinamsubiri mtu yeyote mwenye akili timamu azitumie. Fundi Mkuu alizitazama zote akachagua moja. Tano. Kebo imechomoka, tano. Mizani imezidiwa, tano. Panya katafuna waya, tano. Betri imekwisha, tano. Kioo kinaandika KOSA 5, basi, utajua mwenyewe. Mtu huyohuyo anayemuulizia ng'ombe wa watu mmoja mmoja!

"Fundi," nilimwambia siku moja, "ungeandika draiva kama unavyosalimia."

"Salamu ni ya watu, binti. Ile ni mashine."

"Mashine, lakini anayesoma kioo ni mtu."

Akapuliza chai yake ya tangawizi, akanywa, akaniangalia kwa huruma. "Kosa ni kosa," akasema.

Nilipopata nafasi ya kuisoma kazi yake ndani nilicheka mpaka nikashika meza. Kila mahali ambapo kitu kingeweza kuharibika, juu ya ule mstari wa kurudisha tano, alikuwa ameacha maelezo kwa maneno yake mwenyewe: *haiwezi kutokea*. Kebo kuchomoka, haiwezi kutokea. Umeme kupungua, haiwezi kutokea. Jamani, Simiyu hii! Umeme kupungua! Nilimwuliza mizani zile alidhani zinapelekwa nchi gani. Akasema mimi nina mdomo.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa kuridhika na majibu ya mkato. Thubutu. Majibu ya mkato aliyachukia kuliko vumbi, mradi yawe yametoka kwa mtu mwingine. Tulikwenda naye benki siku moja, yule dada wa dirishani akasema, kwa upole tu, "Baba, mfumo uko chini." Lo! Fundi Mkuu alipanda. "Chini wapi? Ni mtandao? Ni umeme? Ni kompyuta kuu, au ni wewe umesahau nywila? Sema kitu kinachoeleweka! Mtu ametoka nyumbani kwake, amekaa foleni, unamwambia chini? Chini ni mahali gani?" Foleni nzima ikampigia makofi. Mzee mmoja alimshika mkono akamwambia, "Wabeja, asante baba, umetusemea." Fundi Mkuu akatoka pale kifua mbele. Mimi nilimfuata nyuma nikihesabu vigae vya sakafuni ili nisicheke.

Mkewe ndiye aliyemjua. Mama yule alikuwa mtu wa Kiloleli, mchangamfu, mkali kidogo, na alikuwa akipita karakana akienda sokoni. Ilikuwa wiki ambayo Fundi Mkuu hakuja kazini. Nikamwuliza mama mumewe anaumwa nini.

"Nitajuaje? Nimemwuliza unaumwa wapi, anasema siko sawa. Hauko sawa wapi? Anasema kuna tatizo. Nikampeleka hospitali. Daktari naye kamwuliza, kamwambia kuna tatizo. Wamempima malaria, wamempima choo, wamempiga picha ya tumbo. Kumbe jino! Jino, mwanangu! Tangu tuoane sijawahi kuambiwa anaumwa wapi. Namkagua meno kama mbuzi wa mnadani."

Nikacheka, na yeye akacheka, tukashikana mikono. Kumbe tulikuwa tunaicheka draiva yenyewe, na sikujua kwamba mtu wangu wa damu ndiye angelipia.

Mtu huyo ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Anaishi kijiji kimoja cha kule Kiloleli. Watu walimwita Mama Kulwa, kwa pacha wake wa kwanza. Analima pamba, na pamba yake unaweza kuilalia. Anaichambua jani kwa jani, mpaka jirani zake walikuwa wanamtania kwamba anaivalisha. Alikuwa pia mama mlezi wa kwaya kanisani, na hiyo ndiyo heshima aliyoipenda kuliko ng'ombe.

Kituo cha kununulia pamba cha kijijini kwao kilipopata mizani mpya, Tano ilifika nayo. Wao waliiita hivyohivyo, Tano, kama jina la mtu. "Leo Tano amekuja." Na kwa kuwa hakuna aliyejua Tano anataka nini, wakaanza kumtafutia maana. Mnajua tabia ya baadhi ya wauzaji: anamwaga maji kwenye pamba, au anachanganya mchanga katikati ya kiroba, uzito upande. Basi watu wakaona, mashine hii ya kisasa, ya kompyuta, haiwezi kukataa mzigo bure. Imenusa kitu. Ukawekwa utaratibu, na karani ndiye aliyeusimamia: Tano akitokea kwenye zamu yako, kiroba chako kinamwagwa chote juu ya turubai mbele ya watu, na watu wanapiga magoti kupekua.

Siku ya kwanza ya shangazi, karani alimpigia simu Fundi Mkuu. Mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja, nasikia upande wake tu.

"Tano? Maana yake kuna tatizo." Akasikiliza. "Mashine yangu ni nzima." Akasikiliza tena. "Nimesema mashine yangu ni nzima. Kosa haliji bure." Akakata, akarudi kwenye andazi lake.

Upande wa pili simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa, na watu wote kituoni walisikia. Shangazi alikuwa amesimama pale pembeni ya mizani na kiroba chake. Alimwuliza karani, "Kosa lenyewe ni lipi?"

"Tano, mama."

"Tano ndiyo nini?"

"Ndiyo kosa. Umemsikia fundi. Mashine ni nzima."

Mashine nzima, basi mzigo ndio mbovu. Wakamwaga. Wakapekua. Hawakukuta mchanga, hata punje. Unadhani waliomba radhi? Wakasema ni maji, yamekauka njiani. Msimu ule Tano alimtokea tena na tena, na kila akimtokea pamba inamwagwa, ikizolewa imeshachanganyika na majani makavu na samadi ya ng'ombe wa mikokoteni, inaandikwa fifi, daraja la chini, bei ya chini. Pamba ya shangazi yangu, fifi! Watoto wakaanza kumwita Mama Tano. Wakubwa wakawakanya, kisha wakubwa wenyewe wakazoea. Kanisani wakamwambia, kwa sauti ile laini ya watu wanaokuumiza huku wamekushika bega, "Mama, pumzika kwaya kidogo, hali itulie."

Nilipomtembelea alinieleza yote bila kulia. Alisema jambo moja tu: "Ningekuwa nimeiba ningenyamaza. Nataka mtu mmoja asimame aseme kosa langu ni lipi."

Niliumia. Nililia mimi kwa niaba yake, halafu nikachukua kipima umeme nikaenda kituoni. Haikunichukua muda. Kituo kinatumia sola na betri moja. Ukutani, nyuma ya meza ya karani, kuna ubao wa soketi, na kwenye ubao huo zimening'inia simu za kijiji kizima. Kila anayekuja kuuza anachomeka simu yake, na asiyeuza naye anachomeka. Asubuhi simu chache, betri ina nguvu. Ikifika alasiri ubao umejaa, jua linashuka, betri imechoka, na mizani inaililia draiva kwamba umeme hautoshi. Draiva inasema tano. Shangazi nyumbani kwake ni mbali, mkokoteni wake unafika alasiri, kila mara alasiri. Na hao waliokuwa wanapiga magoti kutafuta mchanga kwenye pamba yake, simu zao ndizo zilizokuwa zinanyonya betri.

Nikamwambia karani, "Toa simu hizi."

"Fundi hajasema simu."

"Mimi ni fundi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Fundi Mkuu hajasema simu," akasema. "Na mashine nayo haijasema. Imesema Tano." Na watu, walioona mkono wangu unakaribia chaja zao, wakamuunga mkono kwa umoja ambao sijauona hata kwenye harusi.

Nilirudi Bariadi na hasira ya kuvunja vyungu. Nikakaa, nikaiandika upya sehemu ile ya draiva. Sikugusa upimaji wake, upimaji ulikuwa mzuri. Nilichofanya ni kurudisha kila kosa kwa namba yake, na kwenye kioo kila namba ikaja na maneno yake: kebo imechomoka, uzito umezidi, umeme wa betri hautoshi. Nikampelekea. Hapo ndipo zile kalamu zilipofanya kazi. Aliichapisha kazi yangu kwenye karatasi, akavaa miwani, akachomoa kalamu nyekundu, akaanza kukata.

"Maneno mengi mno," akasema.

"Fundi, kuna mama anaitwa mwizi."

"Mashine inayolalamika sana inaonekana mbovu, binti. Leo itasema betri, kesho itasema kebo, keshokutwa watu watasema Fundi Mkuu katuuzia mgonjwa. Mashine inatakiwa iwe na heshima. Ikishindwa inasema imeshindwa, inanyamaza."

"Huyo mama ni shangazi yangu."

Kalamu ilisimama kidogo. Nilidhani neno limempata. Akavua miwani, akaniuliza hali yake, akauliza shamba lake, mapacha wote wawili kwa majina, goti lake lililokuwa likimsumbua, na kama mvua za kule zimewahi. Aliuliza kwa moyo, siwezi kumsingizia. Kisha akavaa miwani akaendelea kukata. Na ufunguo wa kuingiza toleo jipya kwenye mizani za vyama alikuwa nao yeye peke yake, kichwani mwake. Nilitoka nje ya karakana nikasimama juani, nikamtukana kwa Kisukuma, polepole, neno moja moja.

Mtaniuliza kwa nini niliendelea kufanya kazi naye. Ni kwa sababu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoudhi. Mtu mbaya unamwacha. Yeye alikuwa anabeba begi lake kwa baiskeli kwenda kutengeneza kompyuta ya zahanati na hapokei hata soda. Nilipojifungua wa pili alikuja na kuku na mchele, akakaa mlangoni akimsalimia mtoto kwa kirefu, mtoto wa siku chache, akimwuliza usingizi wake na maziwa yake. Alinifundisha kazi bila kunificha kitu. Alichokuwa hawezi ni kutamka tu kwamba kitu fulani, mahali fulani, kimeharibika. Ukimwuliza gari lake lina nini: kuna tatizo. Gari lenyewe lilikuwa halina gurudumu moja, linaonekana, limelala kwenye tofali.

Baadaye macho yakamsumbua, akafunga karakana, wakahamia Kiloleli, kwao mkewe, kulima. Mimi nikaendelea na kazi zangu. Kazi yangu ile iliyokatwa niliihifadhi kwenye flashi, nikaifunga pamoja na funguo za nyumba. Vyama vikiulizwa kuhusu mizani vinasema vinamsubiri Fundi Mkuu. Shangazi aliendelea kupeleka pamba, anamwagiwa, anazoa. Nilimwambia auzie kituo kingine. Alikataa. "Nikihama watasema nimekimbia," akasema.

Msimu uliopita nilikwenda kumsaidia. Tulifika kituoni alasiri kama kawaida, ubao wa soketi umeshona simu kama nyuki. Na mbele yetu kwenye foleni, shati limechomekewa, kalamu mfukoni, kipima umeme shingoni, nani kama si Fundi Mkuu, na mkokoteni wake wa pamba. Mkewe alikuwa ameketi juu ya viroba, amechoka.

"Tumetoka nyumbani alfajiri," aliniambia. "Si mbali! Lakini unamjua. Kila mji tuliopita amesalimia."

Fundi Mkuu alinisalimia na mimi kwa kirefu, "Mwadila" na yote yanayofuata, akamsalimia shangazi, akaulizia mapacha. Ikaja zamu yake. Kiroba chake kikapandishwa. Kioo kikafikiri. KOSA 5.

Foleni ikaguna. Karani akasema, "Leteni turubai."

"Turubai la nini?" akauliza Fundi Mkuu.

"La kumwagia, baba."

"Kijana, mimi ndiye niliyeiandika hiyo."

"Ndiyo, baba. Wewe ndiye uliyetuambia mashine ni nzima na kosa haliji bure. Tumelishika mpaka leo." Na kwa adabu zote, karani akamwaga.

Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka, na ilipokuja nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Wakapiga magoti wakapekua. Mama mmoja akaingiza mkono katikati ya pamba, akashika kitu, akakipandisha juu. Kalamu nyekundu.

"Kumbe!" akasema karani. Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema wino nao una uzito wake.

Fundi Mkuu alisimama, mikono inaning'inia. Hakuna aliyemtetea, maana hakuna aliyejua cha kutetea. Shangazi ndiye aliyetoka kwenye foleni, akainama na goti lake lile bovu, akaanza kuzoa pamba ya mtu yule na kuipangusa majani. Mkewe akashuka kwenye mkokoteni kusaidia. Mwishowe na yeye mwenyewe akachuchumaa.

"Wanafanya hivi siku zote?" aliuliza taratibu.

"Mimi, kila msimu," alisema shangazi. "Baba, nikuulize. Kosa langu ni lipi?"

Fundi Mkuu akainua macho kwenye ule ubao wa soketi ukutani. Nilimwona akizitazama zile simu, akashuka na waya mpaka kwenye betri, akashika kipima umeme chake, akakiachia. Hakuhitaji kupima.

"Kuna tatizo," akasema.

"Lipi?"

"Kwenye mfumo."

"Lipi, baba?"

Mkewe akaacha kuzoa. "Sema, mume wangu," akamwambia. "Leo unaumwa wapi?"

Fundi Mkuu akainuka, akaenda ukutani, akachomoa simu ya kwanza, ya pili, akaendelea. Watu wakapiga kelele, huyu anadai asilimia zake za chaji, yule anasema anasubiri simu ya mkwe. Alipomaliza akarudisha juu ya mizani kiroba, na pamba iliyokwisha kuzolewa ndani yake. Kioo kikafikiri, kisha uzito ukatokea, mweupe, safi. Kelele zikaisha.

"Betri," akasema. Akakohoa. "Betri ikichoka, mizani inasema betri imechoka. Siku zote ilikuwa inasema. Draiva ndiyo ilikuwa inabadilisha inasema Tano. Haijawahi kumaanisha mchanga. Wala maji."

"Nani aliiambia iseme hivyo?" akauliza shangazi.

Watu wakamwangalia Fundi Mkuu.

"Mimi."

Lilikuwa kosa la kwanza kueleweka nililowahi kulisikia likitoka kwa mtu yule.

Akanigeukia. "Binti, ile kazi yako bado unayo?"

Nikaichomoa flashi kwenye funguo zangu nikampa. Akakaa kwenye kiti cha karani bila kuombwa, akaandika ule ufunguo wa kichwani mwake, akasogeza uso karibu na kioo kwa sababu ya macho, akasoma kazi yangu mstari kwa mstari. Nilisubiri anishukuru.

"Hii ya betri umeandika kwa mkato," akasema. "Mtu ataelewaje? Ongeza: toeni simu."

Nikaongeza. Nilikuwa nasaga meno lakini nikaongeza, kwa sababu alikuwa sahihi. Aliingiza toleo jipya, akarudi kwenye turubai kuzoa pamba yake iliyobaki. Karani akajifuta jasho, akashika orodha yake kama hakuna kilichotokea, akaita, "Haya, anayefuata. Mama Ta..." Akaishia hapo.

Shangazi hakusogea. Alisimama na kiroba chake miguuni, akimtazama karani.

"Mama nani?" ilikuwa sauti ya Fundi Mkuu, kutoka chini kwenye turubai, ileile aliyoitumia benki. "Mtu ametoka mbali, amekaa foleni. Sema kitu kinachoeleweka."

"Mama Kulwa," akasema karani.

Shangazi akaniambia nishike upande ule wa kiroba, tukakipandisha.